Nilipoulizwa Habari za Wajomba Zangu

Mwanangu alipofikisha miaka mitatu alikuwa ameshalazwa mara tisa. Hesabu hiyo sikuwa nayo kichwani. Niliipata siku daktari aliponiuliza, nikaanza kukunja vidole mbele yake: nimonia mara tano, kuharisha mpaka kuishiwa maji mara tatu, na mara moja goti lililojaa usaha likapasuliwa usiku. Nilipofika kidole cha tisa nikaona haya. Mtoto amelazwa mara tisa, na mimi mama yake sijawahi kuketi nikazipanga kwenye mstari mmoja nikajiuliza zinasema nini.

Nayaandika haya kwa ajili ya mama ambaye sasa hivi yuko kwenye mara ya tatu au ya nne, amekaa kwenye benchi la wodi ya watoto na kanga begani, anaambiwa "ni hali ya hewa" au "ni meno". Mimi niliyaamini hayo yote, kumbe mwanangu alizaliwa na ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa kinga.

Alizaliwa Oktoba 2018 hapa Tanga, kilo tatu na nusu, akilia kwa nguvu. Miezi sita ya kwanza hakuumwa hata mafua. Mama mkwe alikuwa akimbeba na kuwaonyesha majirani mikunjo ya mapaja. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba afya ile nilikuwa nimemwazima. Miezi ya mwisho ya ujauzito, kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopigana na vijidudu, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, naye huzaliwa akiwa na akiba hiyo. Akiba hupungua taratibu wakati mtoto anaanza kutengeneza zake. Wa kwangu hakuwa na za kutengeneza. Akiba yangu ilipokwisha, alibaki mtupu.

Mwezi wa saba yakaanza masikio. Asubuhi nilikuta foronya ina doa la njano, limekauka na kukakamaa, lina harufu. Nilikwenda duka la dawa, nikapewa matone na amoksilini ya maji. Siku ya tatu usaha ukakauka, nikaacha dawa, chupa nikaiweka juu ya kabati "itafaa siku nyingine". Hilo ni kosa la kwanza, na nililirudia mara nyingi. Mtoto ambaye mwili wake haupigani wenyewe hutegemea dawa imalize kazi yote. Ukiikatisha, vijidudu vilivyobaki havikuti wa kuvizuia.

Wiki tatu baadaye masikio yakarudi, na kikohozi juu yake. Jirani yangu, mama mtu mzima anayetupenda kwa dhati, akaniambia mtoto ana kimeo. "Kimerefuka, kinamkwangua koo, ndiyo maana anakohoa bila kupona. Kikatwe." Sikubisha. Hata mimi nilikatwa utotoni. Tulikwenda kwa mzee mmoja anayekata, mwanangu akiwa na miezi kumi na moja. Nilimpakata, kichwa chake nikakibana kifuani kama nilivyoelekezwa, mzee akaingiza kifaa kilichopinda. Nilisikia mwili wote wa mtoto ukikaza kisha ukalegea. Damu ilichuruzika mdomoni mpaka kwenye kwapa la gauni langu. Siku mbili hakunyonya. Siku ya tatu alikuwa anawaka homa na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Huko ndiko kulazwa kwa kwanza.

Kwa mtoto yeyote kukata kimeo ni kumtia kidonda kooni bila sababu. Kwa mtoto asiye na kinga ni kufungua mlango. Simlaumu jirani wala yule mzee. Nilimpakata mimi.

Yaliyofuata yanafanana sana, sitayasimulia yote. Homa, sindano za seftriaksoni asubuhi na jioni, nafuu, kurudi nyumbani, wiki tano, homa. Kila hospitali mpya walianza na kipimo kilekile cha Virusi vya Ukimwi. Walikuwa na haki ya kukianza. Mtoto anayeugua hivyo lazima apimwe. Lakini kila majibu yalipotoka salama, mazungumzo yaliishia hapo, kana kwamba mtoto asiye na Ukimwi hawezi kuwa na tatizo la kinga. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia hadi mwishoni: kipimo cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Mtoto asiyetengeneza kingamwili anaweza kutoka salama kwenye kipimo hicho hata kama kirusi kimo. Huyo hupimwa kirusi chenyewe, kwa PCR. Wa kwangu alipimwa hivyo mwishoni na kweli hakuwa nacho, ila mnaofuata nyuma yangu lijueni hilo.

Nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Upande wa mume wakasema mke ana mkosi. Upande wangu wakasema tumerogwa, maana duka langu la ushonaji lilikuwa limeanza kupata wateja. Tulikwenda kwa waganga wawili. Kondoo mmoja, kuku weusi wawili, na shilingi laki moja na nusu, nikiwa na deni la wodi ambalo sijalipa. Mume wangu alianza kulala sebuleni. Hatukugombana, tulikuwa tumechoka tu, na kila mmoja alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama ni upande wake.

Kosa lililotuchelewesha kuliko yote, nadhani, ni kuhamahama bila karatasi. Tukiona hospitali hii haijasaidia tunakimbilia nyingine, na kila tunapofika tunaanza upya: "Anakohoa tangu lini?" "Tangu juzi." Jibu la kweli lilikuwa "tangu mwaka jana", ila sikuwa na kitu cha kuonyesha. Picha za eksirei niliziacha huko huko. Sasa nina daftari la kurasa mia. Kila ugonjwa una tarehe, jina la dawa, siku ngapi amekunywa, uzito, na majibu ya maabara yamebandikwa kwa gundi. Nunua daftari hilo leo, kabla ya dawa.

Novemba 2021, baada ya lile goti, daktari wa hapa akatuandikia rufaa kwenda Dar kwa bingwa wa watoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla ya kushika kalamu akamwambia mwanangu afungue mdomo. Akaweka kijiti juu ya ulimi, akawasha tochi. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Akanipa tochi.

"Mama, angalia mwenyewe. Mafindofindo yake yako wapi?"

Nilitazama. Pande zote mbili za koo palikuwa laini kabisa, kama ndani ya shavu. Mtoto wa umri ule huwa na vinundu viwili vinavyoonekana hata asipougua. Daktari akanieleza kwamba vinundu vile kwa sehemu kubwa vimejengwa na seli B, zile chembe nyeupe zinazokuja kutengeneza kingamwili. Kama seli B hazipo, hakuna cha kuvijenga. Watu wengi walikuwa wamemulika koo lile miaka mitatu, lakini wote walikuwa wanatafuta kilichovimba. Hakuna aliyetafuta kilichokosekana.

Kisha akauliza swali ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika.

"Mama yako alikuwa na kaka au wadogo zake wa kiume?"

Nikasema hapana, mama yangu alizaliwa na dada zake wawili tu.

"Waliozaliwa, siyo walio hai. Bibi yako alizaa wavulana wangapi?"

Sikujua. Akaniambia nimpigie mama simu papo hapo. Mama anaishi milimani Lushoto, mtandao unakatika, nikapiga mara tatu. Alipopokea nikamwamkia nikamuuliza vilevile. Kukawa kimya, nikadhani simu imekatika tena. Kisha mama akauliza, kwa sauti ya chini: "Nani amekwambia?"

Walikuwa watatu. Wote walizaliwa baada yake, wote walianza vizuri, wote walianza kuugua wakiwa wanatambaa. Mkubwa wao alifika miaka minne. Wa mwisho hakumaliza mwaka na nusu. Bibi aliambiwa na wakwe zake kwamba tumbo lake haliwataki wanaume, akarudishwa kwao kwa muda, na baada ya hapo ikakatazwa kuwataja. Mama yangu alikuwa msichana wa miaka kama kumi, akatii, na akaendelea kutii kwa miaka hamsini. Nilipokuwa nahangaika na mwanangu, alijua. Hakusema kwa sababu aliogopa kwamba akitaja, atamvuta na huyu.

Daktari alikuwa anachora nyuma ya karatasi ya rufaa. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Miraba mitatu iliyokatwa kwa mstari, pembeni yake duara la mama yangu, chini ya hilo duara langu, na chini yangu mraba mmoja aliouacha wazi. Akanigeuzia karatasi. Kuwaona wale watoto watatu wamepangwa pale, kila mmoja na mraba wake, kulinifanya nilie kuliko nilivyolia kwa ajili ya mwanangu mwenyewe.

Vipimo vilivyofuata havikuwa vingi. Cha kwanza kilikuwa cha kiasi cha kingamwili kwenye damu. Ile aina kuu, IgG, mtoto wa rika lake hutarajiwa kuwa na gramu 5 au zaidi kwa lita. Yeye alikuwa chini ya gramu 1. Cha pili kilihesabu seli B, zikawa karibu na sifuri. Picha nzima ya damu ambayo tulikuwa tumefanya mara nyingi haikuwahi kuonyesha hilo, kwa sababu inajumlisha chembe nyeupe bila kutenga seli B, na zile za aina nyingine zilikuwepo kwa wingi wa kawaida. Daktari alinionyesha pia kitu kilichoniuma. Kwenye majibu ya zamani kulikuwa na protini zote za damu na albumini. Ukitoa albumini kwenye jumla, kinachobaki kwa sehemu kubwa kina kingamwili ndani yake. Kwa mwanangu kilichobaki kilikuwa kidogo mno, na karatasi ile ilikuwa na mwaka mzima. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na kinapatikana hospitali nyingi. Ukiwa na wasiwasi na mtoto wako, omba kikaangaliwe.

Cha tatu kilikuwa cha jeni, yale maelekezo ya kurithi yaliyoandikwa ndani ya seli zetu. Sampuli ilipelekwa India, majibu yakachukua wiki saba, na kwetu kiligharimu shilingi milioni moja na laki mbili. Niliuza cherehani yangu ya pili na nikaomba zamu yangu ya mchezo iletwe mbele. Ni haki kusema kwamba matibabu hayakusubiri majibu hayo. Vipimo viwili vya kwanza vilitosha kuanza. Kama fedha ni za kuchagua, anza na hivyo viwili. Cha jeni kilikuja kutufaa kwa namna nyingine nitakayoisema.

Jeni yenyewe inaitwa BTK, na ugonjwa wake unaitwa XLA (X-linked agammaglobulinemia). Iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Nilipoelezwa nililifananisha na kazi yangu: ukiwa na karatasi ya kukatia nguo, na karatasi ile imekosewa sehemu ya kwapa, utakata magauni mia na yote yatabana kwapani. Kitambaa hakina kosa, mkono hauna kosa. Kwenye damu ya mwanangu ni herufi moja tu ya jeni hiyo iliyobadilika. Seli B huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na ili zikue mpaka zitoke kwenye damu zinahitaji protini inayotengenezwa kwa jeni hii. Protini ikikosekana, zinakwama hukohuko uboho zikiwa changa.

Mwanamke ana X mbili. Mimi moja ni nzima, moja ina kasoro. Seli B zangu zinazotumia ile yenye kasoro nazo hukwama, lakini zinazotumia ile nzima hukua na kujaza nafasi, kwa hiyo damu yangu haina upungufu na siumwi. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo huipata kwa mama; nyingine ni Y, huipata kwa baba. Akipata yenye kasoro, hana nyingine ya kuegemea. Kaka yangu alipata nzima, ndiyo maana mpaka leo anacheza mpira wa maveterani. Kila mimba ya mvulana kwangu ni nusu kwa nusu, na kila mimba hesabu inaanza upya. Kupata mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata. Binti naye ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji kama mimi. Na mwanangu akikua akapata watoto, wavulana wake watakuwa salama kabisa, kwa kuwa huwapa Y, ila binti zake wote watakuwa wabebaji.

Mtu asije akasoma hapa akasema "kwetu hakuna waliokufa hivyo, basi mtoto wangu hana". Takriban nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hawana historia yoyote kwenye ukoo. Mabadiliko ya jeni huanza kwao au kwa mama yao. Historia ikiwepo inakufungulia njia haraka. Isipokuwepo haifungi kitu.

Na si kila tatizo la kinga linakwenda kwa mstari ulionyooka kama wetu. Kliniki tulikuwa tunakaa na dada mmoja mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga yenyewe inaugeukia mwili. Aliniuliza kama ana jeni moja kama ya mwanangu. Daktari wake alimweleza kwamba kwa lupasi huwa ni jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na bado mambo mengine kama jua na homoni yanaingia. Ndiyo maana pacha wa kufanana mmoja akiupata, mara nyingi mwenzake haupati. Kwetu sisi kijiti kimoja kilitosha kuwasha moto. Kwake ni mzigo wa kuni. Usichukue hesabu ya ugonjwa wa mwenzako ukaipigia maisha yako.

Siku niliyopata majibu nilirudi nyumbani sikusema na mtu. Nilikuwa nimesikia neno moja tu: nimempa mimi. Mume wangu alisoma karatasi, akanitaka nimweleze, nikamweleza huku natazama ukuta. Aliniuliza, "Ungeweza kuchagua ipi umpe?" Nikasema hapana. Akaenda kumwambia mama yake mwenyewe, mlango umefungwa, na alipotoka mama mkwe alinijia jikoni akaanza kumenya vitunguu pembeni yangu bila neno. Mpaka leo hajasema samahani, na mimi sijamdai. Tangu siku ile ndiye anayechemsha maji ya kunywa ya mtoto kila jioni, yachemke sawasawa, kwa sababu ile kuharisha ilikuwa ya vijidudu vya maji.

Dawa ni kingamwili za watu wengine. Zinakusanywa kutoka kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji, zinasafishwa, zinawekwa kwenye chupa ya kioo, na mtoto huwekewa kwa dripu kila baada ya wiki tatu au nne, maisha yake yote. Daktari alinisimulia kwamba aliyegundua ugonjwa huu alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, mwaka 1952, kwa mvulana wa miaka minane aliyekuwa akiugua tena na tena. Alimchoma kingamwili kila mwezi na mtoto akaacha kuugua. Jeni ilikuja kupatikana mwaka 1993, ikapewa jina lake.

Kipimo cha dawa hufuata uzito, karibu gramu nusu kwa kilo. Alipokuwa na kilo kumi na moja chupa moja ya gramu 5 ilitosha, nasi tuliinunua kwa zaidi ya laki saba. Sasa ana kilo ishirini, ni chupa mbili. Hili jiandae nalo mapema: mtoto akinenepa unafurahi, na bili inanenepa naye. Bima yetu ilikataa kwa miezi saba, ikisema dawa haimo kwenye kitita chetu. Ilikubali sehemu baada ya barua ya tatu. Iliyofanya kazi ilikuwa na jina kamili la ugonjwa, majibu ya maabara, na maelezo kwamba dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Barua mbili za kwanza zilisema tu "mtoto ana upungufu wa kinga", na nadhani aliyezisoma alifikiria jambo jingine.

Chupa ya tatu niliiua mimi. Nilinunua Dar, nikaitia kwenye boksi la baridi na barafu nyingi, nikapanda basi. Nilijua inatakiwa baridi. Sikujua kwamba haitakiwi kuganda. Tulipofika Segera nilifungua kifuniko kuangalia, chupa ilikuwa imelala juu ya barafu na ndani mna ukungu mweupe uliosimama. Sista wa Tanga aliitazama kwenye mwanga akatikisa kichwa. Dawa iliyoganda hairudi. Siku hizi naifunga kwenye taulo, kisha gazeti, ndipo barafu ikae pembeni isiiguse, na kipimajoto kidogo kinasoma kati ya nyuzi 2 na 8. Siitikisi pia, inatoa povu.

Dripu inaanza polepole sana, matone ya kuhesabika, halafu inaongezwa. Mara ya pili walikuwa na foleni wakaiharakisha, mwanangu akaanza kutetemeka meno yanagongana. Ilipunguzwa akatulia. Ukiona baridi, kuumwa kichwa au upele, sema papo hapo, usione aibu kumwita sista. Sisi tunatenga siku nzima, tunakwenda na uji, na vitabu vya kupaka rangi.

Kuna suala la chanjo ambalo nalisema kwa uangalifu, maana sitaki mama yeyote amnyime mtoto wake chanjo kwa maneno yangu. Watoto wapewe chanjo, wote, kwa wakati. Ila matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtoto asiye na kingamwili kinaweza kukaa tumboni muda mrefu na hata kuleta ulemavu. Mwanangu alishayapata utotoni kabla hatujajua, Mungu akamwepusha. Mwaka 2022, baada ya polio kupatikana Malawi, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba. Walibisha hodi kwangu na kijiboksi chao cha baridi na kalamu ya kuweka alama kidoleni. Niliwapa barua ya daktari. Dada mmoja aliisoma mara mbili, akampigia msimamizi wake, kisha akaniambia, "Mama, umefanya vizuri kuwa na karatasi." Barua hiyo ninayo kwenye mkoba kila siku, imepigwa nailoni.

Sasa ile faida ya kipimo cha jeni. Mdogo wangu alikuwa mjamzito mwaka 2023. Kwa kuwa herufi yenye kasoro ilishajulikana, kumpima yeye ilikuwa kutafuta mahali pamoja tu, na bei ilikuwa ndogo mno kuliko yetu. Akakutwa mbebaji. Alilia, akanikasirikia kwa kumlazimisha kujua, hatukuongea wiki mbili. Alijifungua mvulana. Siku ya nne damu ilichukuliwa, na daktari alisisitiza zihesabiwe seli B, siyo kingamwili, kwa sababu mtoto mchanga amejaa kingamwili za mama yake na kipimo hicho kingetudanganya. Seli B hazikuwepo. Alianza dripu kabla akiba ya mama haijakwisha. Ana miaka miwili sasa na hajalazwa hata siku moja. Binti yangu mkubwa hatujampima. Ataamua mwenyewe akishakuwa mtu mzima, ila ameshaelezwa kwamba swali lipo.

Mama yangu alishuka kutoka Lushoto kwa ajili ya dripu ya kwanza ya yule mjukuu. Kabla sista hajaitundika chupa, mama aliomba aishike. Aliishika kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu kwa mkubwa wake. Akaniuliza kama dawa hii ilikuwepo enzi zile za wadogo zake.

Nilifikiria kumwambia hapana. Lakini mjomba wa kwanza alizaliwa baada ya Uhuru, na yule Bruton alishaanza kuchoma kingamwili tangu 1952. Nikamwambia ilikuwepo, lakini mbali, na hakuna aliyekuja kuwauliza. Akatikisa kichwa taratibu, akairudisha chupa. Matone yalipoanza akaniambia nitoe lile daftari. Akanitajia majina yao kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila mmoja alipenda kula nini, nami nikaandika ukurasa wa nyuma.